Nusu Sekunde Kati ya Dar na London

Katika miaka ya mwanzo ya kazi yangu hapa Dar es Salaam, kila herufi niliyoandika kwenye seva yetu ya London ilipanda kwanza angani. Ofisi ilikuwa na dishi juu ya paa, limeelekezwa kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Herufi ilipanda, ikashuka Ulaya, ikapita kwenye nyaya hadi London. Seva ikaipokea na kuirudisha kwa njia ileile ili nami niione kwenye skrini. Hesabu yake si ngumu. Kupanda na kushuka mara mbili ni kilomita 144,000, na hata mwanga wenyewe, unaokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, unahitaji karibu nusu sekunde kumaliza safari hiyo. Ongeza mitambo ya katikati na foleni ya wenzako wanaofungua barua pepe, nusu sekunde inavukwa.

Ni muda mdogo mpaka ufanye kazi nao kutwa nzima. SSH, programu tunayoitumia kuingia kwenye seva za mbali kwa kuandika amri, haikuonyeshi herufi yako mpaka seva iirudishe. Kwa hiyo vidole vinatangulia, macho yanabaki nyuma. Ukikosea herufi ya tatu unaligundua kosa ukiwa kwenye ya saba au ya nane, na ukifuta kwa pupa unafuta hata usichokusudia. Bosi wangu wa kwanza, mama mmoja wa Tanga ambaye idara nzima ilimwita Mama, alikuwa na utaratibu wake. Amri yoyote ya kufuta, kuhamisha au kubadilisha kitu aliiandika kwanza kwenye faili la kawaida kwenye kompyuta yake. Akaisoma. Akaisoma tena, midomo ikicheza bila sauti, ndipo akainakili na kuibandika kwenye terminali. Kisha akaondoa mikono kwenye kibodi, akasubiri. Mkongo wa baharini wa Seacom ulipofika mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, safari ya kwenda London na kurudi ilishuka chini ya robo ya sekunde, lakini mimi sikuuacha utaratibu ule. Laini kupata kasi hakukuipunguzia amri ya kufuta ukali wake, na vijana ninaowafundisha nawataka waandike pembeni kwanza.

Masika nayo ilikuwa na adha yake. Mvua kubwa ikisimama kati ya dishi na setilaiti, mawimbi hudhoofika na laini hukatika katikati ya kazi. Mwaka 2006, ukame ulipokausha mabwawa na mgao wa umeme ukabana nchi nzima, tulikatika hata jua likiwaka. Na laini ikikatika, kazi uliyoianzisha kule London kwa kawaida nayo hufa, kwa kuwa seva huona aliyeianzisha ameondoka. Mama alinionyesha screen, programu iliyokuwapo tangu 1987. Unaingia kwa SSH, unaiwasha screen, unafanya kazi ndani yake. Laini ikikatika, kazi inaendelea kulekule bila wewe. Ukirudi, hata kesho yake, unaichukua ilipofika. Siku hizi wengi wanatumia tmux, jambo ni lilelile. Nilichokipata hapo nimekitumia maisha yangu yote ya kazi: kazi na laini ni vitu viwili, na anayefanya kazi mbali na mashine yake avitenganishe mapema, kabla ya wingu kutanda. Kitu kingine kidogo alichonifundisha, ambacho hata leo nakuta mafundi wazoefu hawakijui, ni namna ya kutoka kwenye terminali iliyoganda. Bonyeza Enter, kisha alama ya ~, kisha nukta. SSH inakata upande wako palepale, bila kuhitaji kufunga dirisha kwa hasira.

Hayo ni ya ufundi. Yaliyonibadilisha mimi ni ya kujuana, na yalianza na telnet.

Wakati huo karibu wote idarani tulikuwa tukitumia telnet kuingia kwenye seva za ndani ya jengo. Ndiyo tuliyoikuta chuoni. Mizizi yake inarudi hadi 1969, enzi ambayo mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara chache za Marekani, na waliokuwamo wangeweza kujuana kwa majina. Unaandika jina la seva, jina lako, nywila, unaingia. Asubuhi moja Mama akaniita: "Mwanangu, ingia kwenye seva ya barua pepe kama unavyoingia siku zote, halafu njoo hapa." Nikaingia, nikaenda mezani kwake. Ofisi ilikuwa bado inatumia habu, kile kisanduku cha kuunganishia nyaya ambacho kila kinachoingia kwenye tundu moja kinakitoa kwenye matundu yote, kwa hiyo chochote nilichotuma kilifika kwake pia. Alikuwa amewasha tcpdump, programu ya kunasa pakiti, vile vipande vya data vinavyopita kwenye mtandao. Pakiti zilikuwa zimejipanga kwenye skrini yake kutoka juu kwenda chini, na kwa kuwa telnet hutuma kila herufi mara tu unapoibonyeza, nywila yangu ilikuwa imesimama pale wima, herufi moja kwa kila pakiti, ya kwanza hadi ya mwisho.

Hakunisema. Alinyoosha kidole, akakishusha polepole herufi kwa herufi mpaka nikamaliza kuisoma mwenyewe. "Hii sasa ni ya jengo zima," akasema. "Kaibadilishe, kisha uingie tena, safari hii kwa SSH." Nikafanya hivyo. Tulipotazama tena, mwanzoni kulikuwa na maneno machache yanayosomeka, pande mbili zikijitambulisha na kukubaliana namna ya kusimba, halafu alama zisizosomeka mpaka chini kabisa. Wiki hiyo hiyo telnet ilizimwa kwenye seva zote.

Baadaye nilipata kusoma kwamba SSH ilizaliwa kwa sababu hiyohiyo, ila mahali pengine na kwa hasara kubwa zaidi. Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Ufini, kuligunduliwa programu ya kunasa nywila ikiwa imepachikwa kwenye mtandao wa chuo. Ilikuwa imekwisha kukusanya maelfu ya majina na nywila. Mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akaamua kuandika kitu cha kuchukua nafasi ya telnet na wenzake wa aina hiyo. Kila huduma ya mtandao ina namba ya mlango wake, poti: ya telnet ni 23 na ya FTP, ya kuhamishia mafaili, ni 21. Aliona 22 iko wazi katikati yake, akaandika barua pepe kuiomba, na siku iliyofuata Joyce Reynolds, mmoja wa waliokuwa wakigawa namba hizo kwa mtandao mzima, akamjibu kwamba amepewa. Mwezi Julai aliitoa programu bure. Mwaka ulipokwisha ilikuwa na watumiaji wapatao 20,000 katika nchi 50. Matoleo yaliyofuata yalibanwa zaidi kwa masharti ya leseni, ndipo mwaka 1999 watu wa OpenBSD, mradi wa mfumo huru wa kompyuta, wakachukua toleo la zamani lililokuwa bado huru, wakalisafisha na kulitoa kama OpenSSH. Hiyo ndiyo tunayoitumia karibu wote leo, kuanzia seva za benki hadi kompyuta ya mwanafunzi; tangu 2018 hata Windows 10 inakuja nayo.

Watu wakisikia habari ya Helsinki hudhani dawa ilikuwa kusimba tu. Kusimba ni nusu ya dawa. Mara ya kwanza unapoingia kwenye seva ambayo kompyuta yako haijawahi kuiona, SSH inasimama. Inakuonyesha mstari wa herufi na tarakimu, alama ya kidole ya ufunguo wa seva ile, na kukuuliza kama una hakika unataka kuendelea. Wengi huandika "yes" kabla macho hayajafika mwisho wa mstari. Lakini fikiri kinachoulizwa. Kama kuna mtu amejipenyeza kati yako na seva, anaweza kukupokea yeye, akakupa ufunguo wake, na kila utakachoandika kikasimbwa barabara hadi mikononi mwake. Hakuna hesabu yoyote itakayokuokoa hapo. Programu haina namna ya kujua kama mashine ya upande wa pili ndiyo uliyoikusudia. Anayeweza kujua ni wewe, kwa kuuliza kwa njia nyingine. Ndiyo maana inakuuliza.

Mama alikuwa na kaunta buku, lile daftari gumu linalotumika madukani kuandikia madeni. Kila seva ilikuwa na ukurasa wake: jina, anwani, tarehe iliyowekwa, na alama ya kidole kwa wino wa bluu. Wakati ule alama ilikuwa jozi 16 za herufi na tarakimu zilizotengwa kwa nukta mbili. Seva mpya ya London ilipowekwa, alipiga simu huko, akaomba aliye mbele ya mashine amsomee. Simu ya kimataifa haikuwa rahisi kwa bei, na mhasibu aliwahi kuja kuuliza kwa nini idara ya kompyuta inapiga simu Uingereza kusoma namba. Mama akamkaribisha kiti, akamweleza taratibu kama alivyotueleza sisi, na mhasibu akaondoka ameidhinisha. Siku iliyofuata nilisikia yule mhasibu akimweleza mwenzake kwenye ngazi.

Upande wa pili wa kujuana ni seva kukujua wewe. Hapa SSH ina njia mbili kubwa, nywila na funguo, na mimi nina msimamo: nywila izimwe. Weka seva mpya kwenye intaneti leo, kisha fungua faili la kumbukumbu baada ya saa chache. Utakuta wageni wasio na idadi wamekwisha kujaribu kuingia kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), admin, test, kwa nywila za kubahatisha. Ni programu tu, zinazunguka dunia nzima bila kulala, na nywila ya ofisi nyingi ninazozijua haiwezi kuzivumilia muda mrefu. Ufunguo ni kitu kingine. Unatengeneza jozi kwenye kompyuta yako, mmoja wa siri na mmoja wa umma. Ule wa umma ni kama kufuli: unaweza kumpa yeyote alifunge kwenye mlango wake, hata ukilibandika ukutani halimsaidii mwizi. Ule wa siri hauondoki kwako, na SSH yenyewe itakataa kuutumia ikiona faili lake linaweza kusomwa na watumiaji wengine wa kompyuta hiyo.

Faida kubwa ya funguo, kwa maoni yangu, haiko kwenye hesabu zake. Iko katika kila mtu kuwa na wake.

Niliwahi kuitwa kwenye kampuni moja hapa mjini baada ya msiba wa aina yake. Seva yao kuu ilikuwa na nywila moja ya root. Mafundi wote waliijua, mkuu wao aliijua, na ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ndani ya droo. Waliokwisha kuacha kazi nao waliijua, kwa sababu haikuwahi kubadilishwa. Kuibadilisha kulihitaji kuzitafuta programu zote zilizoipachika ndani yake, na hakuna aliyekuwa na orodha. Usiku mmoja mtu akaingia, akafuta kumbukumbu za malipo ya wateja, akatoka. Nilikaa na faili la kumbukumbu la seva mpaka jioni. Lilisema kilichokuwa kinawezekana kusema: saa, anwani ya mtandao wa simu ambayo watu wengi huitumia kwa pamoja, mtumiaji root, nywila imekubaliwa.

Kulikuwa na kijana aliyeacha kazi pale kwa ugomvi wa mshahara. Macho yote yalimwendea. Labda alikuwa yeye, labda hakuwa; faili halikuweza kumtia hatiani, na, hili ndilo linaloniuma mpaka leo, halikuweza kumsafisha. Alikuja ofisini mwenyewe alipoitwa, akasimama mlangoni akaniambia, "Kaka, wewe ndiye unayeelewa haya mambo, waambie basi si mimi." Sikuwa na cha kuwaambia. Kama wangekuwa na funguo, kila kuingia kungeandikwa pamoja na alama ya ufunguo uliotumika, na ufunguo wake ungekuwa umeondolewa siku alipokabidhi kitambulisho. Tangu siku ile nikisikia ofisi inasema funguo ni usumbufu kwa wafanyakazi, simwachi mtu aendelee. Nywila ya pamoja inamwacha mfanyakazi mwaminifu bila ushahidi wa uaminifu wake.

Mama alilielewa hilo kabla yangu. Siku aliyostaafu, tukiwa tumeandaa keki na soda kwenye chumba cha mikutano, aliniita kwanza kwenye kompyuta yangu. "Nitoe," akasema. Nikafungua faili la funguo zilizoruhusiwa, authorized_keys, kwenye seva moja baada ya nyingine, naye akiwa amesimama nyuma yangu akihesabu kwa kaunta buku lake, nikafuta mstari wenye jina lake. Tulipomaliza akaniomba ajaribu kuingia. Akajaribu zote, zote zikamkatalia. Akanikabidhi daftari, tukaenda kula keki.

Ufunguo unaweza pia kupewa kazi moja tu, na hili nalisisitiza kwa sababu linasahauliwa. Mwanzoni mwa mstari wake kwenye seva unaweza kuandika amri ambayo ndiyo pekee ufunguo huo utaruhusiwa kuitekeleza. Matawi yetu ya mikoani hutuma bakapu kila usiku kwa funguo za namna hiyo. Mtu akiiba kompyuta ya tawi, ufunguo ule hautamfungulia seva kuu. Atakachoweza nao ni kutuma bakapu.

Kuhusu kubadilisha mipangilio ya SSH yenyewe ukiwa mbali, nitasema kwa ufupi. Mpangilio ukiharibika, unajifungia nje. Kwa seva ya London utaomba msaada kwa simu. Kwa seva ya tawi la Sumbawanga, ambako hakukuwa na fundi, kulikuwa na njia moja, nayo ni kupanda basi. Ndiyo maana hatufungi terminali iliyo ndani kabla ya kufungua ya pili na kuhakikisha inaingia. Kabla ya kuiwasha upya huduma, sshd -t inalikagua faili na kusema kama kuna kosa. Na kwa mabadiliko makubwa tunaiagiza seva irudishe mipangilio ya zamani yenyewe baada ya robo saa, isipokuwa tuifute amri hiyo. Aliyewahi kwenda Sumbawanga kwa ajili ya mstari mmoja wa faili hahitaji kuelezwa mara mbili.

Kuna siku mbili ambazo zilinifanya nione jinsi kuaminiana huku kulivyokaa juu ya watu wachache, wengi wao tusiowajua.

Ya kwanza ni Mei 13, 2008. Ilitangazwa kwamba Luciano Bello, wa mradi wa Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, amegundua kasoro kwenye programu ya kutengeneza funguo. Mwaka 2006 chombo kiitwacho Valgrind, kinachokagua programu zinavyotumia kumbukumbu ya kompyuta, kililalamika kuhusu OpenSSL, programu iliyotumika kutengeneza funguo hizo, na mistari iliyosababisha lalamiko ikaondolewa kwenye toleo la Debian. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikiingiza bahati nasibu. Kilichobaki cha kubahatisha kilikuwa namba ya mchakato, ambayo ilikuwa na uwezekano 32,768 tu. Yaani ufunguo uliotakiwa kuwa mmoja kati ya idadi isiyohesabika ulikuwa mmoja kati ya elfu thelathini na kitu kwa kila aina, na mtu mwenye subira angeweza kuzitengeneza zote na kujaribu mmoja mmoja. Kasoro ilikaa karibu miaka miwili, kwenye Debian na kwenye Ubuntu iliyojengwa juu yake. Sisi tulikuwa na zote mbili. Tulipitia kila seva, tukalinganisha funguo na orodha ya funguo mbovu iliyotolewa, tukakuta mbovu kwa watumiaji na kwa seva zenyewe. Funguo za seva zilipotengenezwa upya, alama zote zilibadilika, na kila kompyuta iliyokuwa ikizijua ilipiga kelele za tahadhari, kama inavyopaswa. Kurasa nyingi za kaunta buku zilipigwa mstari zikaandikwa upya. Mama, wakati huo bado yuko kazini, aliwapigia simu matawi yote yeye mwenyewe.

Ya pili ni Machi 29, 2024, na hii nataka nikae nayo. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayefanya kazi kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya programu zake. Akaona SSH inakula nguvu ya kompyuta kuliko kawaida, na kwamba kuingia kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Wiki chache kabla alikuwa ameona pia malalamiko ya ajabu kutoka Valgrind, chombo kilekile. Hakuyanyamazisha. Alifuata uzi mpaka akafika kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili ambayo kwenye mifumo kadhaa ya Linux ilikuwa ikivutwa ndani ya huduma ya SSH bila watu wengi kujua. Ndani ya matoleo yake 5.6.0 na 5.6.1 kulikuwa na mlango wa siri: aliyekuwa na ufunguo maalumu angeweza kutekeleza amri kwenye seva bila kuwa na ruhusa yoyote.

Namna mlango ule ulivyoingizwa ndiyo inayonisumbua. Xz ilitunzwa kwa kujitolea na Lasse Collin, wa Ufini. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuchangia mwaka 2021, kwa adabu na kwa kazi nzuri. Majina mengine yakajitokeza kumsonga Collin kwamba anachelewa na ampe nafasi mtu mwingine. Mwishowe Jia Tan akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Ilikuwa kazi ya miaka, na silaha yake ilikuwa uchovu wa mtu mmoja anayefanya kazi bila malipo. Kosa silioni kwa Collin. Nauliza wapi walikuwa maelfu ya makampuni yaliyojenga biashara juu ya kazi yake, na kwa nini hata ofisi kama zetu, zinazotumia programu huru kuanzia seva hadi simu, hazijawahi kuwaza kwamba kuna mtu upande wa pili anayechoka. Bahati ilikuwa kwamba matoleo yale yalikuwa yamefikia zaidi mifumo ya majaribio, hayajasambaa kwenye seva za kawaida.

Niliposoma taarifa ya Freund nilikaa kimya kidogo juu ya ile nusu sekunde. Kwenye setilaiti yetu ya zamani isingeonekana. Ingezama ndani ya nusu sekunde ya kila siku. Aliiona kwa sababu aliijua mashine yake, alijua kuingia kunatakiwa kuchukua muda gani, na hakuridhika kuambiwa na nafsi yake kwamba labda ni mtandao. Nimeanza kuwataka vijana wangu wapime muda wa kuingia kwenye kila seva na kuuandika kando ya alama yake.

Kati ya vijana hao kuna dada mmoja hodari anayeandika skripti za kukusanya data za matawi usiku. Mwaka jana nilikuta kwenye skripti zake mpangilio unaoiambia SSH isiulize swali lile la alama, ikubali tu. Nilipomuuliza alijibu bila kusita: "Kaka, saa nane usiku nani atajibu yes?" Hoja yake ilikuwa na uzito. Skripti haina macho. Tulikaa mchana mmoja tukatengeneza faili moja la known_hosts lenye funguo za umma za seva zote, likitunzwa na ofisi na kusambazwa kwa kila kompyuta inayoendesha skripti. Skripti haiulizi tena. Ikiona ufunguo usio kwenye faili, inakataa na kumtumia dada ujumbe.

Hakuupenda utaratibu huo mpaka diski ya seva ya Mwanza ilipokufa. Fundi wa kule akaijenga upya, funguo zikawa mpya, na usiku skripti ikagoma. Asubuhi nilimkuta dada akiwa na simu kwenye bega, kalamu mkononi, akimtaka fundi wa Mwanza asimame mbele ya mashine yenyewe na kusoma kwenye skrini yake. Alama za siku hizi ni ndefu, herufi 43, kubwa na ndogo zikichanganyika na tarakimu. "A kubwa. F ndogo. Saba. Jumlisha." "Jumlisha, kaka?" "Jumlisha, dada, ile ya hesabu." Walipofika katikati wakapotezana, wakaanza upya. Zilipolingana zote akarekebisha faili, akaandika tarehe, akaiendesha skripti kwa mkono, na data ya Mwanza ya usiku ule ikaanza kuingia.